Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Jimbo la Kale la Vilnius na Mavoivoda Wake

Anayetaka kuandika habari za jimbo la kale la Vilnius aanze kwa kubainisha kipindi anachokizungumzia, kwa kuwa jina hilo limebebwa na zaidi ya jimbo moja. Hili ninalolizungumzia liliundwa mwaka 1413 kwa mkataba wa Horodło kati ya Poland na Lithuania, pamoja na jirani yake Trakai, likadumu hadi mwaka 1795, Urusi, Prussia na Austria zilipogawana kilichosalia cha dola ya Poland na Lithuania.

Mkuu wake aliitwa voivoda. Kumwita gavana si kosa kubwa, ila asichanganywe na magavana wa Kirusi waliofuata: hao walikuwa watumishi wa mfalme wa Urusi, ilhali voivoda alikuwa kabaila wa nchi hiyohiyo, mwenye kiti katika baraza la Mtemi Mkuu, mtawala wa Lithuania, na aghalabu cheo alikiacha kwa kufa au kwa kupanda.

Orodha ianze na Albertas Manvydas, voivoda wa kwanza. Kando ya kila jina acha nafasi ya vyeo vingine, maana nguvu ya mtu mara nyingi ilitoka huko. Albertas Goštautas, voivoda tangu mwaka 1522 hadi 1539, alikuwa pia Kansela Mkuu, yaani msimamizi wa nyaraka na mhuri wa dola, na ndiyo sababu anatajwa sana katika habari za Sheria ya Lithuania ya mwaka 1529. Andika pia tahajia ya Kipolandi, kwani Goštautas ndiye Gasztołd, na Radvila ndiye Radziwiłł.

Ugumu hasa uko kwa akina Radvila. Utakutana na Mikalojus Radvila mara nne: kwanza baba na mwanawe waliofuatana, kisha binamu wawili ambao watu wa zama zao waliwatenganisha kwa lakabu, Mweusi (1551–1565) na Mwekundu (1566–1584). Huyu Mwekundu alihamia Vilnius kutoka Trakai, kwa hiyo akionekana katika orodha zote mbili usimfute popote. Linganisha miaka tu.

Mwisho kagua ramani. Mageuzi ya miaka ya 1565 na 1566 yaliligawa jimbo katika wilaya tano: Vilnius, Ukmergė, Ašmena, Lida na Braslaw. Miji mikuu ya hizo tatu za mwisho leo iko Belarus, na huko ndiko utakakoitafuta.