Mimba ndo imeingia? Nenda kapime mapema, fanya hivi

Wadada wengi huku Tanzania tunaanza kliniki mimba ishafika miezi mitano, na sio ujinga jamani, mtu anaficha mimba changa asisemwe, mwingine hana nauli, mwingine anaogopa majibu. Ila WHO, shirika la afya duniani, wanataka uanze kabla ya wiki 12, kwahiyo kipimo cha mkojo kikitoa mistari miwili nenda wiki hiyohiyo, sio lazima mtaa mzima ujue.

Wahi asubuhi, kunywa chai kabisa maana foleni ni ndefu. Vituo vya serikali huduma ya wajawazito kwa utaratibu ni bure. Wanakutoboa kidole wanapima VVU na kaswende, malaria pia, majibu unayapata ndani ya nusu saa hivi. Homa ya ini B ulizia mwenyewe, usisubiri kuambiwa.

Sasa mume. Hapa ndo wengi tunakwama. Mimi mimba ya kwanza niliambiwa rudi na mwenzio, yeye yuko safari, nikakaa nyumbani miezi miwili, mpaka leo naumia nikikumbuka. Usirudi nyumbani! Mwambie nesi hali halisi, omba upimwe siku hiyohiyo, na wakikomaa fuata barua kwa mwenyekiti wa mtaa ya kueleza kuwa mwenzio hayupo. Mume mwenyewe usimwambie twende tukapime ngoma, mwambie Baba, kliniki wanatuhitaji wote wawili kwa ajili ya mtoto. Na akisema majibu yako ndo majibu yangu, mkatalie kwa upole, mmoja anaweza kuwa na VVU mwingine hana.

Kuhusu hofu, bila dawa kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 mpaka 45 wanaambukizwa, mama akimeza dawa vizuri wanashuka chini ya 5. Kaswende inaweza kuua mtoto tumboni na tiba yake ni sindano ya penisilini tu, ila mume nae achomwe la sivyo anakurudishia. Majibu yako ni siri, sheria ya UKIMWI ya 2008 inakulinda.

Ukikutwa huna VVU rudia kupima miezi ya mwisho, maana unaweza kuupata ukiwa na mimba au unanyonyesha. Kadi ya kliniki usiiache nyumbani hata ukisafiri, uchungu ukikukutia ugenini mkunga ataanza na hiyo.