Kutafuta spishi zilizojificha kwa DNA: mwongozo kwa samaki wadogo wa mtoni

Ukivuta wavu katika mito mingi ya Kenya na Tanzania, utapata samaki wadogo wa jenasi ya Enteromius, wale ambao vitabu vya zamani vinawaita Barbus. Wengi wana rangi ya fedha, sharubu fupi na madoa meusi ubavuni, na ni rahisi kuwapa wote jina moja. Utafiti wa jeni kadhaa uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu samaki hawa wa Kenya ulionyesha kwamba baadhi ya majina hayo yanaficha zaidi ya spishi moja. Mto ukikauka, tunaweza kupoteza samaki ambaye hata jina hana.

Hatua ya 1: Vibali na maeneo. Anza na kibali cha utafiti: Kenya hutolewa na NACOSTI, Tanzania na COSTECH, tume za taifa za sayansi na teknolojia. Kisha chagua mabonde tofauti, kwa mfano Athi, Tana na mito inayoingia Ziwa Victoria. Samaki watano hadi kumi kwa kila eneo wanatosha kuanzia. Fanya kila uwezalo upate pia samaki kutoka mto ambako spishi ilielezwa kwa mara ya kwanza. Bila huyo hutajua ni kundi gani lenye haki ya jina la zamani.

Hatua ya 2: Kando ya mto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mlaze samaki kwenye maji yenye mafuta ya karafuu hadi afe bila kuteseka. Mpige picha akiwa mbichi, ubavu wa kushoto, rula ikiwa pembeni, kwa sababu rangi hupotea upesi. Kata pezi la kifuani upande wa kulia, ulitie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95. Futa mkasi na uupitishe motoni kabla ya kumgusa samaki mwingine. Baada ya hapo tu ndipo mwili uende kwenye formalini, maana formalini huharibu DNA. Namba ya pezi na namba ya mwili ziwe moja. Andika kwa penseli, kwani ethanoli hufuta wino.

Hatua ya 3: Maabara. Toa DNA kwa vifaa vinavyouzwa tayari, kisha nakilisha kipande cha COI, jeni ya mitokondria (sehemu za seli zenye DNA yake) itumiwayo kutambulisha spishi za wanyama, kwa PCR, njia ya kuzidisha DNA kwa mizunguko ya joto. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) za FishF1 na FishR1 hutoa kipande cha besi 655 hivi. Mimi huanza na nyuzijoto 54 kwenye hatua ya praima kushika, mizunguko 35. Kila mara weka kichupa kimoja kisicho na DNA. Kikionyesha mstari kwenye jeli inayotenganisha DNA kwa umeme, ujue DNA ngeni imeingia: tupa yote uanze upya. Kipande kikitoka safi, kipeleke kusomwa pande zote mbili.

Hatua ya 4: Kusafisha na kulinganisha. Kagua vilele vya grafu ya usomaji wa DNA kwa macho yako, usiiachie programu. Tafsiri mfuatano wa besi kuwa asidi amino kwa kanuni ya mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo: ukiona kodoni ya kusimamisha (besi tatu zinazokatisha utengenezaji wa protini) katikati, pengine umenasa nakala ya jeni iliyohamia kwenye kiini. Pangilia mifuatano katika MEGA, programu ya bure, chora mti wa ukoo, kisha pima tofauti kwa ASAP, programu inayogawa mifuatano katika makundi yanayoweza kuwa spishi. Wengi hutumia tofauti ya asilimia 2 kama mpaka kati ya spishi. Ichukulie kama kengele ya kukuamsha. Haitoshi kuwa hukumu. Furu wa Ziwa Victoria waligawanyika juzi tu kwa kipimo cha mageuzi, na COI mara nyingi haiwatenganishi kabisa.

Hatua ya 5: Jeni ya pili, kisha mwili. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Spishi mbili zikizaliana, moja inaweza kubaki na mitokondria ya mwenzake, na mti wako utadanganya. Utafiti ule wa 2017 ulikuta jambo hili hili. Soma pia jeni ya kiini kama RAG1. Makundi ya jeni zote mbili yakikubaliana, rudi kwenye miili: hesabu magamba ya mstari wa ubavuni, pima sharubu, kagua mwiba wa pezi la mgongoni. Kisha kabidhi miili makumbusho, na uweke mifuatano kwenye hifadhi za mtandaoni za GenBank au BOLD pamoja na namba ya kila mwili na mahali ulipovuliwa, ili atakayetilia shaka jina ulilotoa aweze kumshika samaki yuleyule mkononi.