Somo: limfosaiti inavyonata kwenye ukuta wa mshipa ndani ya tezi

Mgonjwa wa kidonda cha mguu akikaa siku moja mbili bila dawa, mara nyingi huota mtoki kinenani. Mtoki ule ni tezi ya limfu iliyovimba. Kinachoujaza ni hasa limfosaiti, aina ya seli nyeupe, zilizotoka kwenye damu zikaingia kwenye tezi, na somo hili linaeleza zinavyoingia. Ni la wenzetu wa maabara na zahanati, kuanzia hapa Malindi hadi Mambrui na Gede.

Shikeni jambo moja mapema: kunata si kitendo kimoja. Ni hatua zinazofuatana, na ikikosekana moja tu, damu huichukua seli ikaenda nayo.

Mahali penyewe ni vena ndogo zinazopokea damu kutoka kapilari, katika parakoteksi, yaani eneo lililo chini ya vifundo vya limfosaiti B. Mishipa mingi ina ukuta wa seli bapa. Hii ina seli nene, zilizojaa, kimo chake kinakaribia upana wake. Wengu hauna mishipa ya namna hii, kwa hiyo msiyapeleke maelezo haya huko.

Hatua ya 1: kubiringika. Kwenye ncha za vinyweleo vya limfosaiti kuna selektini-L, protini ya kushikia. Hushika sukari zenye salfa zilizobebwa na protini za ukuta, mojawapo CD34. Mshiko huu hushika na kuachia papo hapo, ukashika tena mbele kidogo, kama nanga ya jahazi inayoburura mchangani kabla haijauma. Bila kalsiamu haushiki kabisa.

Hatua ya 2: kupokea ishara. Juu ya ukuta imetandazwa CCL21, ambayo ni kemokini, yaani protini ndogo ya kuziita seli, na limfosaiti T ina kipokezi chake, CCR7. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayochuja nani aingie. Nyutrofili, seli nyeupe ya aina nyingine, nayo ina selektini-L na inaweza kubiringika kwenye ukuta huo huo, lakini katika tezi tulivu haipati ishara ya kuisimamisha, basi hupita.

Hatua ya 3: kusimama. Ishara ile hufika ndani ya seli kwa chini ya sekunde moja na kuifungua integrini LFA-1, protini nyingine ya kushikia iliyo juu ya seli, ambayo hadi hapo ilikuwa imejikunja. Ikinyooka hukamata protini ya ukutani iitwayo ICAM-1 kwa nguvu. Hapa magnesiamu inahitajika.

Hatua ya 4: kupenya. Seli hutambaa kidogo, hupata upenyo na kuingia, yote kwa dakika chache. Limfosaiti T isiyokutana na adui wake hukaa ndani kiasi cha nusu siku hadi siku nzima, kisha hutoka kwa mfereji wa limfu na kurudi kwenye damu. Mzunguko huo watafiti Gowans na Knight waliuonyesha kwa panya mwaka 1964.

Kuiona kwa hadubini

Tezi ikitolewa, ikateni vipande vya milimita 3 hadi 4 papo hapo, mviweke kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake usipungue mara 10 ya tishu, kwa saa 24. Mkiitia nzima, kapsuli, yaani ganda la tezi, huchelewesha fomalini na katikati huoza. Kwa joto letu hata saa moja mezani ni hasara: seli za ukuta hubanduka na kujaa ndani ya mshipa, nanyi mtadhani ni ugonjwa.

Vipande vya kutazama kwa hadubini vikateni maikromita 3 hadi 4. Rangi ya hematoksilini na eosini inatosha, ila rangi ya PAS ni bora kwa kuwa huchora vizuri utando ulio chini ya ukuta. Tafuteni kwa lenzi ya 10, kisha mwende kwenye 40. Kiini cha seli ya ukuta ni kikubwa, cha yai, kimepauka. Katikati ya seli hizo mtaona viini vidogo vya mviringo, vyeusi, vingine vimezungukwa na ukingo mweupe mwembamba. Hizo ndizo limfosaiti zilizokamatwa zikiwa njiani. Kipande kikiwa kinene, viini hupandana na hamtaona lolote.

Maswali ya wanachama

Kutoka Gede: Maalim, nataka kuzijaribu seli kwenye vipande vya tezi iliyogandishwa. Damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau itafaa?

Haifai, kaka. Ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hunyakua kalsiamu na magnesiamu, na hapo hatua ya 1 na ya 3 zimekwisha. Chukua damu ya chupa yenye heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, tenga limfosaiti, kisha uzioshe vizuri, maana heparini yenyewe huizuia selektini. Zimwage juu ya vipande vya tezi zikiwa katika bafa yenye madini hayo mawili, kwenye baridi, ukitikisa polepole. Watafiti Stamper na Woodruff walifanya hivyo mwaka 1976 kwa tezi za panya, na seli zikanata kwenye mishipa ile minene.

Kutoka Mambrui: Mtoki huvimba kwa kuwa seli zinazaana?

Mwanzoni sivyo, dada. Kwanza damu inayoingia kwenye tezi huongezeka, na mlango wa kutokea hufungwa kwa muda, kwa hiyo seli huingia bila kutoka. Kuzaana huja siku zinazofuata. Waambie wazazi wasiukande wala kuuchanja. Tibuni kidonda.

Kutoka Lamu: Mgonjwa ameanza prednisoloni, dawa ya steroidi, nyutrofili zimepanda na limfosaiti zimeshuka. Ni maambukizi?

Huenda ni dawa tu. Nyutrofili zilizokuwa zimeegemea kuta za mishipa huachia, nyingine hutoka kwenye uboho, na limfosaiti huhama kutoka kwenye damu. Angalia homa, hali ya mgonjwa, na kama kuna nyutrofili changa nyingi, kabla ya kuandika antibayotiki.

Kutoka Faza: Mtoto ana mwezi mzima, kitovu hakijadondoka, kimekuwa chekundu lakini hakina usaha. Seli nyeupe ziko juu sana.

Usimrudishe nyumbani, mwanangu. Kitovu kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki mbili hivi. Kikikawia namna hiyo, pamoja na maambukizi yasiyo na usaha, kuna uwezekano seli hazina CD18, kipande ambacho LFA-1 haijengeki bila hicho. Nyutrofili hubaki kwenye damu kwa kushindwa kusimama ukutani. Ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, basi uliza kama waliwahi kufiwa na mtoto kwa maambukizi. Anza antibayotiki, mpe rufaa leo, na uandike kwenye karatasi kwamba unaomba kipimo cha CD18, la sivyo watarudia hesabu ya damu ile ile.