Kuingia ndotoni ukiwa macho, na kwa nini usisahau kubana pua

Juzi shemeji yangu amefaulu baada ya kunisumbua wiki tatu, kila akipaki boda yake hapa dukani ni swali lile lile, nikasema wacha niandike yote mahali pamoja nisirudie tena. Hii ni njia ya kuingia ndotoni bila kukatika fahamu, yaani mwili unalala, wewe unabaki, ndoto inafunguka mbele yako na unajua kabisa kwamba ni ndoto. Si uchawi na hakuna dawa ya kunywa. Wapo wanaouza vidonge na miziki ya kusikiliza kwa earphone, mimi nasema weka pesa yako mfukoni.

Onyo moja kwanza. Kama wewe ni mtu wa kusikia sauti mchana, au una matibabu ya akili, acha hii kitu mpaka uongee na daktari. Na kama kazi yako ni ya barabarani, fanya usiku wa kuamkia siku ya mapumziko tu. Shemeji alijaribu Jumatano, Alhamisi akasinzia kwenye boda akisubiri abiria, dada yangu akanipigia simu mimi.

Hatua ya 1: Daftari

Wiki mbili nzima, kila ukiamka unaandika ulichoota. Kaunta buku na kalamu, si simu. Usiruke hii, utaona kwa nini huko chini.

Hatua ya 2: Saa

Usingizi wa ndoto unakuja kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na mwanzo wa usiku kipande cha ndoto ni kifupi sana, kadiri asubuhi inavyokaribia kinarefuka. Ndo maana ukijaribu saa 4 usiku ukiingia tu kitandani utalala fofofo na hutaona kitu. Lala saa 4, tegesha alarm saa 9 na nusu usiku. Uzuri wa huku Uganda jua linachomoza wakati ule ule karibu mwaka mzima, saa 12 na nusu kwenda saa 1 kasoro, kwa hiyo ukishapata saa yako hubadilishi.

Alarm iwe ya simu ndogo ya tochi, kwenye vibration, chini ya mto. Simu kubwa ukiishika tu unaona meseji, unajibu moja, kumekucha.

Hatua ya 3: Kukaa macho kidogo

Amka, nenda chooni, kaa dakika 15 au 20 unasoma daftari lako kwa tochi. Rudi kitandani, chomekea neti vizuri, maana mbu mmoja tu sikioni ameharibu kazi yote.

Hatua ya 4: Kulala na kuhesabu

Lala chali. Wengine wanasema ubavu ni sawa, mimi nikilala ubavu nasinzia moja kwa moja, lakini jaribu. Legeza mwili kuanzia vidole vya miguu mpaka taya, alafu hesabu pumzi kichwani, moja naota, mbili naota, tatu naota, ukipotea rudi moja. Pua itawasha, mate yatajaa, utataka kugeuka. Meza mate, jikune kama inakuudhi sana, hakuna polisi. Hiyo habari ya kukaa kama gogo bila kutikisika ilinipotezea mwezi mzima, kumbe mtu akishachoka na usingizi uko karibu kugeuka mara moja hakuharibu kitu.

Hatua ya 5: Taa, sauti na jinamizi

Baada ya muda utaanza kuona rangi, sura za watu, vipande vya barabara. Utasikia mtu anaita jina lako au mlango unagongwa. Usikimbilie kuangalia, ziache zipite kama unaangalia watu kutoka dirisha la taksi. Ukizikodolea zinazimika, ukizisahau kabisa unalala. Katikati hapo.

Kuna watu mwili unakaza, kifua kinakuwa kizito, wanahisi mtu amesimama chumbani. Hilo ndo jinamizi ambalo bibi zetu walikuwa wanalisema, na wako wanaoona hata yule popobawa wa Pemba ni habari hii hii. Kinachotokea ni kwamba ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unafunga misuli ili usirushe ngumi ukipigana ndotoni, sasa wewe umebaki macho wakati kufuli limeshafungwa. Kupumua hakufungwi, hata kama unahisi unakabwa, na misuli ya macho haifungwi. Ni kwa hayo macho ndo watu waliamini hii kitu ni kweli: mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na mtu mmoja anaitwa Alan Worsley kwamba akijikuta ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio, na mashine ikaandika ishara zile jamaa akiwa amelala kabisa. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge akafanya ya kwake pale Stanford, Marekani.

Ukiogopa, fuata pumzi, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, itaachia yenyewe. Wengi hawapati hata hiyo, wanapita kimya kimya. Na hao wa kimya kimya ndo wenye shida ya hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Bana pua

Hapa ndo nilikufa miezi mitatu. Kila mara hadithi ilikuwa moja: nimehesabu, nimeona rangi kidogo, alafu naona niko macho kabisa kitandani, nakasirika, naamka naanza siku. Nikaamini mimi sina kipaji.

Sasa kuna usiku mmoja nimehesabu mpaka arobaini na kitu, nikasikia jogoo wa mama mwenye nyumba, nikasema basi, nimeshindwa tena. Nikatoka kwenye neti, nikavaa sandali, nikachukua jerikeni ya njano nikaenda bombani. Hakukuwa na foleni, jambo ambalo hapa kwetu Walukuba, mtaa wa Jinja, peke yake lingetosha kunishtua. Nikajaza lita 20, nikarudi nimeibeba kwa kidole kidogo, iko nyepesi kama mfuko wa buveera, maji hayachezi hata, na mimi nawaza tu kwamba leo nina nguvu. Nikafika mlangoni nikaiweka chini haikutoa sauti. Nikaiangalia. Pale pale nikashtuka nikaamka kwa kweli, niko chini ya neti, giza, na jerikeni iko kwenye kona pale pale nilipoiacha jioni, tupu.

Asubuhi nikafungua kaunta buku nisome zile siku nilizoandika "nimeshindwa". Banange. Siku moja nimeandika nimeshindwa nikaamka nikawasha taa nikatafuta chaja, na wiki ile mita ilikuwa imeisha yuniti siku mbili tunatumia mshumaa. Siku nyingine nimeshindwa nikaenda kuongea na kaka yangu sebuleni, kaka yuko Arua na mimi nakaa chumba kimoja, sebule natoa wapi. Nilikuwa naingia! Nilikuwa naingia kila mara alafu natoka kwenda kuteka maji.

Kwa hiyo sikiliza. Ukihesabu ukafika mahali unasema "ah, haikufanya kazi, niko macho", hiyo sentensi yenyewe ndo kengele. Kabla hujakasirika, kabla hujashika simu, bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, vuta pumzi. Ukiwa macho pumzi haiji. Ukiwa ndotoni mara nyingi hewa inaingia vizuri kama pua haijabanwa, ni hisia ya ajabu, hutaikosea.

Mambo ya kuangalia hapo:

Bana kweli. Shemeji alikuwa "anabana" kwa kuwaza tu, siku ya pili akabana kidogo pembeni akasema haifanyi kazi.

Usitegemee kuangalia chumba. Ndoto ya namna hii inakopi chumba chako mpaka ufa wa ukuta. Pua kwanza, macho baadaye.

Ukibana na pumzi haiji, usiamke, rudi kuhesabu, mara nyingi ya pili ndo inakubali.

Na uzoee mchana. Kila ukifungua mlango wa nyumba, bana. Watu watakuona una mafua, waache.

Kuna wanaopenda kuhesabu vidole vya mkono au kusoma maandishi mara mbili waone kama yamebadilika. Zinafanya kazi, ila gizani chini ya neti utasoma nini? Pua.

Hatua ya 7: Ukiwa ndani

Usipige kelele za furaha, utaamka. Sugua viganja, gusa ukuta, sikia joto la mikono, ndoto inatulia. Usiwaze mwili wako ulioko kitandani. Mara ya kwanza utakaa dakika moja au pungufu, ni kawaida.

Shemeji alibana pua, hewa ikaingia, akatoka nje akawasha boda bila ufunguo akapita nayo hewani juu ya Nile, nimeuliza ukaona nini huko juu, anasema aligeuka kumdai abiria pesa na ndo akaamka. Nimemuuliza kama alibana pua alipoamka.

Hakubana.