Jinsi ya Kuhudhuria Hola Mohalla, Sikukuu ya Mashujaa wa Kisikh

Hola Mohalla huadhimishwa kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Machi, katika Anandpur Sahib, mji mdogo ulio chini ya vilima vya Shivalik katika jimbo la Punjab, kaskazini mwa India. Aliyeianzisha mwaka 1701 ni Guru Gobind Singh, Guru (kiongozi wa kiroho) wa kumi wa Wasikh, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameunda Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha dini yao, katika mji huohuo. Alitaka wafuasi wake, katika majira ya Holi, sikukuu ya Wahindu ambapo watu hurushiana rangi, washindane kwa farasi na silaha na kusikiliza mashairi. Hadi leo mazoezi hayo ni sehemu ya ibada, na karibu kila ushauri ufuatao unatokana na jambo hilo.

Tarehe hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo ihakikishe kabla ya kununua tiketi. Sherehe huanza katika mji jirani wa Kiratpur Sahib kwa siku tatu, kisha huhamia Anandpur Sahib kwa siku tatu nyingine, na kilele chake ni siku inayofuata Holi. Mbali na viza, msafiri anayetoka katika nchi ambazo India inazihesabu kuwa na hatari ya homa ya manjano lazima awe na cheti cha chanjo, nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Chandigarh, kiasi cha kilomita 85 kwa barabara, na zipo treni za kutoka New Delhi zinazosimama Anandpur Sahib kwenyewe. Fika angalau siku moja kabla ya kilele, kwa sababu baadaye barabara hujaa matrekta yanayovuta matela ya mahujaji kutoka vijiji vya Punjab nzima. Hoteli ni chache na huwahi kujaa. Nyumba za wageni za gurdwara, yaani hekalu la Wasikh, hupokea watu wa dini zote, lakini siku hizo mahujaji wanaozihitaji ni wengi mno, hivyo ni busara kuweka nafasi mapema hata kama ni katika miji ya Rupnagar au Chandigarh.

Kabla ya kutafuta farasi, nenda Takht Sri Kesgarh Sahib, gurdwara iliyojengwa mahali ilipoundwa Khalsa mwaka 1699. Vua viatu, osha miguu na mikono, funika kichwa kwa kitambaa na uvae nguo zinazofunika mabega na magoti. Tumbaku ya aina yoyote na pombe usiwe nazo hata mfukoni. Ndani, keti sakafuni bila kuelekeza nyayo kwenye Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu ambacho Wasikh hukiheshimu kama Guru aliye hai. Ukipewa karah prashad, yaani halua ya unga wa ngano, samli na sukari, ipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa. Humo pia zimehifadhiwa silaha za Guru Gobind Singh, ukiwemo upanga wenye makali pande mbili, na naamini aliyekwisha kuziona huyatazama mashindano ya uwanjani kwa jicho jingine kabisa.

Chakula hakitakusumbua. Langar, jiko la wote, hutoa chakula bila malipo usiku na mchana, na wanavijiji hufungua mengine kando ya barabara na kuwasihi wapita njia wasimame wale. Keti kwenye mstari na wengine, pokea chapati kwa mikono miwili, na usiache kitu sahanini. Ukitaka kushukuru, omba kusaidia kuosha vyombo. Msaada huo hupokelewa kwa furaha.

Wanaowavutia wageni zaidi ni Wanihang, wapiganaji wa Khalsa wenye kanzu za buluu na vilemba virefu vilivyozungushiwa pete za chuma. Wasalimie kwa «Sat Sri Akal» na uombe ruhusa kabla ya kumpiga picha yeyote. Usiguse silaha wala farasi wao bila kualikwa, kwani kwao vyote viwili ni vitakatifu. Katika baadhi ya kambi husagwa kinywaji chenye majani ya bangi. Ni sehemu ya desturi yao, nami nakushauri ukikatae kwa upole, hasa ukiwa peke yako.

Siku ya mwisho maandamano hupita mjini yakiwa na bendera na ngoma hadi uwanja wa Charan Ganga. Watu wengi huyafuata, lakini heri utangulie uwanjani asubuhi na uchague mahali palipoinuka, nyuma ya kizuizi. Hapo utaona wapanda farasi wakiwa wamesimama juu ya farasi wawili wanaokimbia sambamba bila matandiko, wengine waking'oa vigingi ardhini kwa ncha ya mkuki, na vijana wakicheza gatka, sanaa ya mapigano ya panga na fimbo. Usikatize kamwe njia ya farasi kwa ajili ya picha. Vaa nguo usizojali zikichafuka kwa unga wa rangi, na funika kamera.

Usipange kuondoka jioni hiyo, kwa kuwa umati wote hutoka kwa wakati mmoja. Lala usiku mmoja zaidi, na kesho yake utembelee makumbusho ya Virasat-e-Khalsa, isipokuwa iwe Jumatatu, siku ambayo hufungwa.