Taya likiuma, usikimbilie kusagwa meno

Kiungo cha taya, kile kilicho mbele ya sikio, mara nyingi huuma kwa kukaza na kusaga meno usingizini kuliko kwa meno kutopangana. Basi usikubali meno mazima yapunguzwe ili kurekebisha mng'ato, yaani meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Jino likishasagwa halirudi. Jengine kabisa ni jino lililozibwa likabaki juu, ukifunga mdomo linatangulia kugusa: hilo rudi mapema, daktari apunguze ile ziba tu.

Nyumbani kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hadi 20. Pweza, miwa na ubani wa kutafuna, viache wiki mbili. Midomo ikifungwa, meno yasigusane. Vidole vitatu vilivyosimama vikishindwa kupita mdomoni, nenda kitengo cha meno, Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.