Kutafuta sarafu za zamani kwenye mahame, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Hame halikosi mwenyewe. Nyumba ya mawe iliyoezuliwa mabati kule Njoro, duka lililobaki kuta mbili Londiani, boma lililohamwa Kano: kila kipande kina mwenye cheti, au ndugu kadhaa wanaovutana mahakamani juu yake. Mtafute mwenye ardhi kabla ya kununua hata betri ya detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa. Andikianeni karatasi moja inayosema mtachimba wapi, mtafukia vipi na kitakachopatikana kitagawanywaje, kisha mpitie kwa naibu wa chifu. Mtu mgeni akionekana anachimba shamba la watu na mashine masikioni, uvumi wa dhahabu huenea kabla ya jua kutua.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitafuta kwa kuchimba kunataka leseni. Ukipata rupia yenye mwaka wa nyuma ya hapo, wapelekee Makavazi ya Taifa kwanza, mtagawana baadaye kama kuna cha kugawana. Thimlich Ohinga na Hyrax Hill, maeneo ya kale yanayolindwa, usifike na detekta kabisa.

Zinazobaki ni sarafu za enzi ya reli na ukoloni, na si haba. Reli ilifika Nakuru 1900 na Kisumu 1901, na maduka yakaifuata. Pesa ilikuwa rupia na senti zake hadi 1920, florini ikapita kwa muda mfupi, kisha shilingi ikaingia 1921. Nyingi utakazokuta ni za shaba zenye tundu: senti kumi, pana kama milimita 31 na nzito kama gramu 11, na ndururu ya senti tano. Shilingi na sumuni za simba hadi 1946 zina robo tu ya madini ya fedha. Sarafu za Kenya yenyewe zilianza 1966.

Tundu halidhoofishi mlio. Senti kumi hulia safi na namba yake kwenye kioo cha detekta hukaa juu bila kurukaruka. Senti za rupia za mchanganyiko wa shaba na nikeli ndizo zinazowaponyoka watu, kwa sababu namba zake huangukia palepale pa karatasi ya sigara na kishikio cha kopo la soda. Anayechimba namba za juu peke yake anaziacha ardhini.

Fika mapema uzunguke bila mashine. Mstari wa mikaratusi au misonobari, ua la miiba ya kei-apple lililokua ovyo, jiwe la ngazi: hizo ndizo alama za mahali watu walipopita. Sarafu huanguka pale mtu anapotoa mkono mfukoni, yaani mbele ya mlango wa duka, chini ya mti wenye kivuli, kwenye njia ya kisimani, chini ya kamba ya nguo. Tembea ukigonga kwa fimbo mbele yako, hasa nyuma ya nyumba. Choo cha shimo cha zamani hufunikwa na nyasi huku mbao zake zimeoza, na hakuna hatari kubwa kuliko hiyo kwenye hame. Magharibi makaburi yako ndani ya boma, mengine hayana simiti wala kifusi. Mwombe mzee wa nyumba akuonyeshe yote, uyafungie utepe, ukae mbali nayo.

Sasa washa. Zima simu, na vua viatu vyenye chuma mbele. Pandisha na kushusha koili, ile sahani ya chini ya detekta, juu ya udongo mtupu huku ukisawazisha hadi mlio unyamaze. Kwenye udongo mwekundu wa Kakamega na Kisii, uliojaa chuma, rudia kila mara na upunguze usikivu. Ukiuacha juu kabisa, mashine itapiga kelele bila kusikia chochote. Nakuru jivu la volkano huchimbika kwa urahisi, lakini mawe meusi hulia kama chuma. Kano ni taabu nyingine: udongo mweusi hupasuka kiangazi na sarafu hudondoka ndani ya nyufa, chini ya uwezo wa koili. Nenda mvua ikishalainisha ardhi lakini kabla haijawa tope.

Koili ya inchi 9 au 11 inatosha. Penye misumari mingi weka ya inchi 6. Ipitishe sentimita tatu juu ya ardhi, polepole, kila mfagio ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukisikia mlio, geuka robo duara upitishe tena. Sarafu hulia pande zote mbili. Msumari hulia upande mmoja na kukatika upande wa pili. Vizibo vya soda ni walaghai, lakini ukiinua koili kidogo au kupita ukingoni, mlio wao huchakaa.

Kata udongo kwa umbo la U, upana wa sentimita 15, pembeni mwa mlio na si juu yake, maana ncha ya jembe ikiikwaruza sarafu thamani imekwisha. Tandaza gunia, mwaga udongo hapo, pima shimo tena, kisha rudisha kifuniko cha nyasi ukikanyage. Ukikuta risasi au kitu chenye umbo la bomu, usikisogeze: weka alama, ondoka, piga 999.

Hazina iliyofichwa hutafutwa kinyume na haya yote. Aliyeficha alitaka kuiona akiwa kitandani au mlangoni, na kuifikia gizani. Angalia penye mafiga, pembe ya ghala, nguzo ya geti, sakafu ya nyuma ya kaunta ya duka, kiraka cha simiti chenye rangi tofauti. Pesa hizo mara nyingi zimo ndani ya kopo au debe, kwa hiyo ukiwa umechuja chuma, yaani umeipanga mashine isilie kwa chuma, utazipita juu kwa juu. Zima uchujaji wote, tumia koili kubwa, na inua hadi sentimita 30: mlio wa sarafu moja hupotea, wa debe hubaki. Kipande cha mabati nacho hubaki, ndiyo sababu unaanza kwa kuokota mabati yote yanayoonekana.

Usisugue ulichopata kwa majivu, ndimu wala waya wa sufuria. Loweka kwenye maji ya mvuke (distilled) yanayouzwa ya kuongezea betri, hakikisha tu si asidi, ondoa udongo kwa kijiti cha meno, hifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Na anayeahidi kununua sarafu ya shilingi arubaini ya 2003 kwa mamilioni, kisha akaomba ada ya usajili kwanza, ni tapeli.